Muuguzi wa kwetu na viza ya Ujerumani: panga faili kwa mtiririko huu

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kuliko wote kutoka kwa wauguzi wenzangu walioko nyumbani huanza hivi: "Dada, nimepata miadi ubalozini wiki ijayo, nibebe nini?" Nikimuuliza kama cheti chake kimeshapelekwa kwenye mamlaka ya jimbo lolote la Ujerumani, ananijibu kuwa hilo atalishughulikia akishafika. Siku ya miadi anarudi na faili lake kwapani. Nauli imeliwa, likizo imeliwa, na mara nyingi ada ya viza nayo imekwenda, maana hairudishwi.

Kosa ni lile lile kila mara: tunaanza na viza. Kwa muuguzi, viza ni karatasi ya mwisho. Kazi kubwa ni kutambuliwa kwa cheti, na inafanyika ukiwa bado uko Tanga, Kisumu au Mbarara, kabla hujaliona geti la ubalozi.

Mwongozo huu ni wa muuguzi mwenye diploma au digrii ya nchi yake na leseni inayofanya kazi. Fundi umeme, mhasibu na mtaalamu wa kompyuta wana njia nyingine, nitaigusa mbele kidogo.

## Ijue njia unayopita

Uuguzi Ujerumani ni kazi inayolindwa na sheria. Huwezi kuitwa Pflegefachfrau au Pflegefachmann, yaani muuguzi kamili wa kike au wa kiume, wala kulipwa kama wao, mpaka jimbo likupe kibali cha kutumia jina hilo. Mafunzo ya Kijerumani ni saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za vitendo, na mamlaka huweka mafunzo yako kando ya hayo na kulinganisha somo kwa somo.

Wengi wetu hatujibiwi "sawa" wala "hapana". Tunapata barua iitwayo Defizitbescheid, inayosema mafunzo yako yanatambuliwa kwa sehemu na kutaja kilichopungua. Nimeona watu wakilia wakidhani wamekataliwa. Usilie. Barua hiyo ndiyo inayokufungulia viza ya kifungu cha 16d cha sheria ya ukaazi: unaingia Ujerumani, unafanya kazi kama msaidizi huku unakamilisha kilichopungua, halafu unapewa kibali kamili.

Kwa hiyo picha ni hii: vyeti, lugha, mwajiri, Defizitbescheid, viza, kukamilisha, kibali. Ukiruka kimoja, kinachofuata hakisimami.

## Vya kuwa navyo mezani kabla hujaanza

- Pasipoti yenye muda wa kutosha na kurasa tupu
- Cheti cha kuzaliwa, na cha ndoa kama ulibadili jina
- Cheti cha diploma au digrii ya uuguzi
- Transkripti yenye saa za nadharia na za vitendo kwa kila somo
- Leseni ya sasa ya baraza la wauguzi la nchi yako, pamoja na barua ya baraza kwamba huna kesi ya kinidhamu
- Barua za kazi zenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, wodi na saa kwa wiki
- Cheti cha polisi cha tabia njema
- Kadi ya chanjo inayoonyesha chanjo ya surua
- Maelezo yako ya kazi na masomo kwa Kijerumani, katika jedwali, bila pengo la miezi lisiloelezwa
- Akiba ya kulipia kozi ya lugha, mitihani, tafsiri na ada

Cheti cha polisi usikichukue mapema, kwa sababu mamlaka hutaka kilichotoka karibuni. Chanjo ya surua watu huipuuza, ila tangu Machi 2020 sheria ya Ujerumani inamtaka kila mfanyakazi wa kituo cha afya aliyezaliwa baada ya 1970 aonyeshe kuwa ana kinga.

## Hatua ya 1: Sawazisha majina

Hapa ndipo mafaili ya Afrika Mashariki yanapokwama kwanza, na si kwa kosa la mtu. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili. Cha kidato cha nne kina matatu, la babu likiwemo. Chuo kimeandika "Mwanahamisi", baraza limeandika "Mwanahamis". Halafu pasipoti imetanguliza jina la ukoo. Kwetu huyo ni mtu mmoja na kila mtu anamjua. Afisa wa Ujerumani anaona watu wanne.

Chukua karatasi moja, andika jina kama lilivyo kwenye kila hati, herufi kwa herufi, hati moja mstari mmoja. Pasipoti ndiyo kipimo. Chochote kinachotofautiana nayo kizungushie wino mwekundu.

Kosa la herufi lirekebishe kwa aliyetoa hati, yaani chuo au baraza. Kama jina limeongezeka, limepungua au limebadilika kabisa, pata hati ya kiapo mbele ya wakili, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa serikalini. Hati hiyo nayo itatafsiriwa na kuingia kwenye faili pamoja na nyingine.

Tahadhari: ukibadili pasipoti katikati ya safari, wajulishe wote wenye ombi lako. Namba ya zamani kwenye mkataba na mpya mkononi hukurudisha nyuma wiki nyingi.

Utajua umefaulu pale mtu asiyekujua akipewa karatasi zako zote, aweze kusema ni za mtu mmoja bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 2: Pata saa, usiridhike na alama

Transkripti yangu ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho: karatasi nene, muhuri wa kubonyea, alama za kujivunia. Mamlaka ilijibu kwa sentensi mbili tu, ikitaka saa. Haikujali nilipata A au B katika uuguzi wa watoto. Ilitaka kujua nilikaa darasani saa ngapi na wodini saa ngapi.

Vyuo vingi vya kwetu haviandiki hivyo, kwa sababu hakuna mwajiri wa nyumbani aliyewahi kuuliza. Usimwambie karani wa mitaala "naomba transkripti", atakuchapia ile ile. Mpelekee jedwali ulilolichora mwenyewe, lenye nguzo tatu: somo, saa za nadharia, saa za vitendo. Mstari mmoja usomeke hivi, kwa mfano: "Uuguzi wa watoto: darasani saa 60, wodini saa 160." Omba chuo kijaze kutoka kwenye mtaala wa mwaka uliosoma wewe, si wa sasa, kisha kiweke tarehe, sahihi, cheo cha aliyesaini na muhuri.

Wodi zitajwe moja moja: upasuaji, magonjwa ya ndani, watoto, uzazi, afya ya akili, wazee, huduma za jamii. Ukisahau wodi moja, kwenye Defizitbescheid itaonekana kama hukuisoma kabisa, nawe utaongezewa miezi ya kukamilisha kitu ulichokwisha kukifanya. Kwa wengi wetu uangalizi wa wazee ndio unaokosekana kweli, maana kwetu wazee huuguzwa nyumbani. Hilo litajitokeza, lisikutie hofu. Kama ulifanya vitendo vya afya ya jamii na mkatembelea wazee majumbani, chuo kiandike.

Chuo kimefungwa au kumbukumbu zimepotea? Kuna mlango. Tangu Januari 2024 mwombaji anaweza kuachana na ulinganishaji wa kina na kwenda moja kwa moja kwenye mtihani wa maarifa au mafunzo ya kukamilisha. Bado utahitaji ushahidi kwamba ulimaliza masomo na una leseni, ila jedwali la saa halitakukwamisha.

Utajua umefaulu ukijumlisha nguzo mbili za saa na jumla ikalingana na ile chuo ilichoandika chini. Hesabu mwenyewe. Mara mbili nimekuta haziendani, na mara zote mbili afisa aliona kabla ya mwenye faili.

## Hatua ya 3: Tafsiri na nakala

Usitume hati halisi kwa posta. Unatuma nakala zilizothibitishwa, na uliza kwanza mamlaka yako inakubali uthibitisho wa nani, kwani muhuri wa wakili wa mtaani haupokelewi kila mahali.

Tafsiri iende kwa mfasiri aliyeapishwa. Cheti kilichoandikwa kwa Kiingereza nacho hutafsiriwa Kijerumani, isipokuwa mamlaka imesema vinginevyo kwa maandishi. Mfasiri afasiri na mihuri, na maandishi ya nyuma ya karatasi. Tafsiri ya rafiki anayejua Kijerumani, hata iwe nzuri namna gani, haihesabiwi.

Okoa fedha kwa kufuata mpangilio: maliza hatua ya 1 na 2 kabisa kabla hujatafsiri karatasi hata moja. Anayetafsiri mapema hulipa mara mbili.

## Hatua ya 4: Kijerumani, na kianze leo

Nimeiweka ya nne, lakini kwa kalenda inaanza siku ile ile unayoanza hatua ya 1. Ndiyo inayokula muda kuliko zote. Ngazi za lugha hupanda kuanzia A1, kisha A2, B1 na B2. Anayesoma kila siku darasani kutoka sifuri hufika B1 kwa miezi sita hadi tisa. Anayesoma jioni baada ya zamu huhitaji zaidi, na hana sababu ya kuona aibu.

Viwango viko hivi. Kisheria viza ya 16d huanzia A2. Waajiri wengi hawakugusi chini ya B1. Kibali chenyewe cha uuguzi kinataka B2. Ushauri wangu wa dhati ni kupanda ndege ukiwa na B2 kama unaweza. Ukifika na B1 utakuwa unafanya kazi zamu nzima, unaishi na lahaja ya mji ambayo kitabu hakikufundishi, halafu usiku unajiandaa kwa mtihani wa B2. Wapo wanaoweza. Wengi wanachoka, na miaka ya viza inayoyoma.

Mitihani inayokubalika kwa urahisi ni ya Goethe, telc na ÖSD. Goethe-Institut wako Nairobi na Dar es Salaam. Mtihani wao wa B1 na B2 umegawanyika moduli nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila moduli unahitaji pointi 60 kati ya 100, na ukiangusha moja unairudia hiyo peke yake. Hii ni faida kubwa kwa mtu anayelipa kutoka mfukoni mwake.

Tahadhari: nafasi za mtihani hujaa mapema, kwa hiyo jisajili ukiwa bado katikati ya kozi. Na cheti kisizeeke: kikipita mwaka mmoja unaweza kuambiwa urudie.

Utajua umefaulu si siku ya cheti tu. Jaribu kumweleza mtu kwa Kijerumani, kwa dakika tano bila kusoma, hali ya mgonjwa uliyemkabidhi zamu jana: jina, umri, kilichomleta, presha, maumivu, dawa, kilichobaki kufanywa. Ukiweza hilo, usaili wa mwajiri utaupita.

## Hatua ya 5: Mwajiri na mkataba

Hospitali na nyumba za wazee zinatangaza nafasi wazi, na tovuti rasmi ya serikali ya Ujerumani, Make it in Germany, ina orodha ya kazi. Unaweza kuomba mwenyewe. Huna haja ya kumlipa mtu akutafutie.

Hapa nataka msomaji wa Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo asikilize vizuri. Nchi hizo zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Sheria ya Ujerumani inasema wauguzi wa nchi zilizomo katika orodha hiyo hawaruhusiwi kusajiliwa na mawakala binafsi. Kazi hiyo ni ya wakala wa ajira wa serikali ya Ujerumani peke yake. Wewe binafsi kuomba kwa hiari yako hujakatazwa. Kwa hiyo anayekufuata Kinondoni au Kampala na fomu ya "nafasi za wauguzi Ujerumani" na kukudai ada, tayari yuko nje ya sheria kabla hujauliza kama ni mwaminifu. Watu wamepigwa kwa njia hii, wengine wameuza kiwanja.

Kenya ina mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi na Ujerumani, uliosainiwa Berlin Septemba 2024. Mkataba huo haumpi mtu kazi wala viza. Masharti ni haya haya. Ukitumia wakala Kenya, hakikisha ana leseni hai ya mamlaka ya taifa ya ajira, na uliza kama yeye au mwajiri ana alama ya Ujerumani ya usajili wa haki wa wauguzi, inayoitwa Faire Anwerbung Pflege Deutschland. Chini ya alama hiyo gharama za kukusajili ni za mwajiri, si zako.

Mkataba ukija, soma vitu vinne kabla ya sahihi.

Mshahara wa mwanzo na wa baada ya kibali, vyote viwili viandikwe. Katika nyumba za wazee na huduma za majumbani kima cha chini kilichoanza 1 Julai 2025 kilikuwa euro 16.10 kwa saa kwa msaidizi, 17.35 kwa msaidizi mwenye mafunzo, na 20.50 kwa muuguzi kamili. Kwa wiki ya saa 39, hiyo ilikuwa takriban euro 2,720 kwa mwezi kwa msaidizi na 3,460 kwa muuguzi, kabla ya makato. Kodi na bima vikitoka, kinachobaki mkononi ni kidogo zaidi sana kuliko unavyodhani, na bado kuna pango.

Kifungu cha kurudisha fedha. Baadhi ya mikataba inasema ukiondoka kabla ya miaka kadhaa utalipa maelfu ya euro. Kiasi gani, kwa gharama zipi, na kinapungua vipi kila mwezi? Kama hakipungui, usisaini mpaka umepata ushauri.

Nani analipa mafunzo ya kukamilisha, na je, utapewa muda wa kusoma ndani ya saa za kazi?

Makazi. Chumba cha mwajiri ni msaada mkubwa mwanzoni, ila kiwe na mkataba wake na bei yake.

## Hatua ya 6: Ombi la kutambuliwa

Ujerumani ina majimbo 16 na kila jimbo lina mamlaka yake ya uuguzi. Ombi linakwenda jimbo utakalofanyia kazi, ndiyo maana mwajiri amekuja kabla. Nordrhein-Westfalen ni Bezirksregierung Münster, Baden-Württemberg ni Regierungspräsidium Stuttgart, Bayern ni Landesamt für Pflege, Berlin ni LAGeSo. Usitume majimbo mawili kwa wakati mmoja, wanaulizana.

Kama hujui pa kutuma, kuna ofisi ya ushauri ya serikali iliyoko Bonn, iitwayo ZSBA, inayowasaidia bure watu walio nje ya Ujerumani. Watakupangia orodha ya hati za jimbo lako. Wapo pia mtandaoni kupitia lango la Anerkennung in Deutschland. Itumie huduma hii. Ni ya bure na haina dalali.

Ada ya ombi hutofautiana kwa jimbo, kwa kawaida ni mamia ya euro. Mamlaka ikipokea faili lililokamilika inatakiwa kujibu ndani ya miezi minne. Shika neno "lililokamilika". Ikikosekana karatasi moja, saa haianzi kuhesabu, na watu wengi wanaolalamika kucheleweshwa hawakuwahi kuanzishiwa saa. Jibu barua zao siku unayozipata.

Mwajiri mwenye haraka anaweza kutumia njia ya kasi ya kifungu cha 81a. Unampa hati ya uwakilishi, yeye analipa ada ya euro 411 kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, na mamlaka ya utambuzi inapewa miezi miwili. Mbele, ubalozi unatakiwa kukupa miadi ndani ya wiki tatu na kuamua ndani ya wiki tatu nyingine. Ukisikia mwajiri anaijua njia hii, ni dalili nzuri kwamba amewahi kuleta mtu.

Utajua umefaulu ukiwa na Defizitbescheid mkononi, imetaja mapungufu na njia mbili za kuyaziba: Anpassungslehrgang, ambayo ni mafunzo ya kukamilisha wodini na darasani, au Kenntnisprüfung, mtihani wa maarifa.

Chagua kwa kujijua. Mtihani ni wa haraka, una sehemu ya mdomo na sehemu ya vitendo kwa wagonjwa halisi, na kila sehemu unaweza kuirudia mara moja tu. Mafunzo ni marefu zaidi lakini yanakujenga taratibu. Mwenye Kijerumani kinachotiririka na uzoefu wa wodini, namshauri mtihani. Aliyemaliza chuo juzi, aende mafunzo.

## Kwa wasio wauguzi

Kazi isiyolindwa na sheria, kama uhasibu, uhandisi wa programu au ufundi mwingi, haihitaji kibali cha kufanyia kazi, ila viza bado inataka cheti kilinganishwe. Mwenye digrii aangalie chuo na kozi yake katika anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya vyuo na vyeti vya nje. Kisipoonekana, aombe tathmini ya ZAB, ofisi ya Ujerumani inayotathmini vyeti vya nje, kwa euro 208. Fundi mwenye cheti cha chuo cha ufundi mara nyingi huangukia IHK FOSA, ofisi ya kutambua vyeti vya ufundi na biashara iliyoko Nürnberg. Mtaalamu wa kompyuta asiye na digrii anaweza kupita kwa uzoefu wa miaka mitatu ndani ya saba iliyopita, mshahara ukitosha. Hatua ya 1 inawahusu wote.

## Hatua ya 7: Viza yenyewe

Sasa ndipo ubalozi. Ombi linajazwa kwanza mtandaoni kwenye lango la huduma za kikonseli la Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, ambalo tangu Januari 2025 linatumika na balozi zote. Unapakia hati, zinakaguliwa, ndipo unaitwa kwa alama za vidole na usaili mfupi. Ada ni euro 75, inalipwa kwa fedha ya nchi uliyopo.

Faili lipangwe hivi, kwa mpangilio huu, nakala seti mbili:

1. Fomu, picha ya sentimita 3.5 kwa 4.5, pasipoti
2. Mkataba wa kazi uliosainiwa pande zote
3. Fomu ya mwajiri, Erklärung zum Beschäftigungsverhältnis, na nyongeza yake Zusatzblatt A inayohusu mafunzo ya utambuzi
4. Defizitbescheid
5. Barua ya nafasi yako kwenye mafunzo au maandalizi ya mtihani, ikiwa na tarehe
6. Cheti cha lugha
7. Diploma, transkripti, leseni, pamoja na tafsiri
8. Maelezo ya kazi na masomo
9. Bima ya afya ya kuanzia siku ya kuingia mpaka bima ya kazini ianze

Namba 3 na namba 5 ndizo zinazorudisha watu. Mwajiri mgeni wa mambo haya hutuma mkataba tu. Mkumbushe kwa adabu, mtumie majina ya fomu kama nilivyoyaandika, atazipata.

Kwenye usaili watakuuliza kwa Kijerumani: unakwenda mji gani, kituo gani, utafanya nini, kilichopungua ni kipi, utakikamilisha wapi. Mtu aliyeisoma Defizitbescheid yake hujibu bila kutetemeka. Aliyefanyiwa kila kitu na wakala hata jina la mji linamshinda, na afisa ana haki ya kutilia shaka.

Usikate tiketi. Usiache kazi. Subiri viza iwe imebandikwa kwenye pasipoti, kisha kagua jina, tarehe na kifungu cha sheria kabla hujatoka mlangoni.

### Ukikataliwa

Barua itataja sababu. Tangu 1 Julai 2025 ule utaratibu wa kuandikia ubalozi barua ya kupinga umefutwa duniani kote, kwa hiyo anayekuuzia "barua ya rufaa kwa balozi" anakuuzia kitu kisichokuwepo. Zimebaki njia mbili: kuomba upya ukiwa umerekebisha sababu iliyotajwa, au kufungua kesi katika mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua. Kwa karatasi iliyokosekana, omba upya. Kesi ni ya pale unapoamini sheria imekosewa, na una wakili.

Jambo moja la umri: anayepata kibali cha ukaazi cha mtaalamu kwa mara ya kwanza akiwa ametimiza miaka 45, anatakiwa awe na mshahara wa kiwango fulani au ushahidi wa pensheni ya kutosha. Kiwango hicho hubadilika kila mwaka. Mwaka 2025 kilikuwa euro 53,130 kwa mwaka. Kama umekaribia umri huo, piga hesabu na mwajiri mapema, kabla ya mwaka wa kozi ya lugha.

## Hatua ya 8: Ukishatua

Ndani ya wiki mbili sajili makazi kwenye ofisi ya mji. Bila karatasi hiyo hupati namba ya kodi, na benki itakusumbua. Chagua bima ya afya, kisha weka miadi ya ofisi ya wageni mara moja, maana foleni zao ni ndefu na viza ya kuingilia ina mwisho.

Kibali cha 16d hutolewa kwa hadi miezi 24 na kinaweza kuongezwa, jumla isizidi miaka mitatu. Andika tarehe ya mwisho ukutani. Kisha hesabu kurudi nyuma: B2, maandalizi, tarehe ya mtihani, nafasi ya kurudia kama ikibidi.

Ukifaulu, jimbo linakupa Urkunde, kibali cha kutumia jina la muuguzi. Nacho unaomba ukaazi wa mtaalamu chini ya kifungu cha 18a, na tangu Machi 2024 mtaalamu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu akiwa na michango ya pensheni ya miezi 36 na masharti mengine.

Siku Urkunde inapokuja kwa posta, mpelekee mwajiri nakala siku hiyo hiyo na umwombe asaini kuwa ameipokea. Mshahara wa msaidizi haujibadilishi wenyewe kuwa wa muuguzi, na wapo wenzetu waliokaa miezi minne na bahasha hiyo kabatini wakisubiri mtu awaulize.